Mizigo ya Merikebu Sultana



Kila likizo inapokaribia, nyumba zetu huku Marekani hugeuka bandari. Mizani ya bafuni huletwa sebuleni, mabegi hupimwa, hufunguliwa, hupimwa tena. Mashirika mengi ya ndege yametuwekea kilo 23 kwa begi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: viatu vya mjomba vitolewe ili dawa za bibi ziingie? Tukirudi, hesabu ni ile ile: khanga, karafuu, achari ya embe, na visheti alivyokaanga mama usiku wa mwisho. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, nasi hatuthubutu kushuka kwenye ndege mikono mitupu.

Tunadhani shughuli hii tumeianza sisi. La hasha. Mizigo imekuwa ikivuka kati ya pwani yetu na nchi hii tangu enzi za matanga.

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu iitwayo Sultana ilitia nanga New York. Ilikuwa mali ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, nayo ilikuwa imeondoka Zanzibar mwezi Februari. Mfereji wa Suez haukuwapo, kwani ulifunguliwa mwaka 1869. Kwa hiyo Sultana ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuivuka Atlantiki nzima. Aliyeongoza ujumbe huo ni Ahmad bin Na'aman, katibu wa Sayyid Said.

Safari hiyo haikuzuka tu. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikwisha kuizoea Zanzibar. Mwaka 1833 Sayyid Said na Marekani walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka 1837 konsuli wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja. Sasa Sayyid alitaka na merikebu yake ionekane kwao.

Ndani yake mlikuwa na nini? Magunia 1,300 ya tende, marobota 100 ya kahawa, ngozi 1,000, magunia 135 ya karafuu, pembe za ndovu 108, na mazulia ya Uajemi. Mbali na bidhaa hizo zilikuwapo zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini katiba ya Marekani haimruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Bunge. Bunge lilijadili, likakubali zipokelewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa. Hata hivyo wenyeji hawakukosa adabu: merikebu, iliyochoshwa na bahari, ilitengenezwa katika karakana ya jeshi la majini huko Brooklyn kwa gharama ya serikali.

Mwezi Agosti Sultana iling'oa nanga, na Desemba 1840 ilikuwa nyumbani. Ilirudi na vitambaa, shanga, bunduki, baruti na vyombo vya mezani. Hapo ndipo lugha yetu ilipopata mzigo wake. Kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilicholetwa na merikebu za Wamarekani, watu wa pwani walikiita merikani, na jina limebaki hadi leo.

Merikani ilikuwa nguo, na ilikuwa fedha pia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilinunulia chakula kwa vitambaa, shanga na waya. Stanley alipoanza safari yake mwaka 1871, mali kama hizo ndizo zilizokuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wake. Watawala wa njiani walilipwa ushuru wa kupita, ulioitwa hongo. Msomaji, unapolisikia neno hilo leo katika habari za rushwa, ujue limetembea mwendo mrefu.

Tusijisifu tu, lakini. Mpagazi mmoja aliweza kubeba frasila mbili, yaani kama kilo 32, akatembea nazo miezi kadhaa kwa miguu. Karafuu zilichumwa na watumwa mashambani Unguja na Pemba. Zile pembe 108 na yale magunia 135 yalikuwa jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri au kufanya kazi hiyo.

Picha ya Ahmad bin Na'aman ilichorwa mwaka ule ule, naye amevaa kilemba na joho. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Peabody Essex, huko huko Salem. Tukisimama mbele yake tunaona fahari. Lakini ndani ya Sultana walikuwamo mabaharia zaidi ya 50, waliovuta kamba na kupanda milingoti katika baridi ya Atlantiki, na hakuna aliyewachora. Tunajua idadi ya magunia ya tende kuliko tunavyowajua wao.

Na sisi je? Katika jumuiya yetu tumekwisha kuwazika wazee waliotutangulia huku, waliotupokea uwanja wa ndege na kutulaza sebuleni kwao. Tunakumbuka ukarimu wao, lakini walipofika wao walibeba nini, walipokewa na nani, waliacha nini nyuma? Wengi tuliwasindikiza makaburini bila kuwauliza.

Basi safari hii, mizani ikishatolewa sebuleni, tumwite mzee mmoja akae karibu. Tumuulize sanduku lake la kwanza lilikuwa na nini, na jina la aliyemfungia. Kisha tuandike. Karatasi moja haizidishi kilo.