Hukwe Zawose

Hukwe Ubi Zawose (alifariki 30 Desemba 2003) alikuwa mwanamuziki, mtunzi na mwalimu wa muziki wa asili wa Tanzania. Alikuwa Mgogo wa kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, na aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Bagamoyo.

Malezi na mafunzo
Hakusomea muziki darasani. Alichunga ng'ombe utotoni, akajifunza kupiga na kuimba kutoka kwa baba yake. Ala zake kuu zilikuwa ilimba na zeze. Ilimba ni sanduku la mbao lenye uwazi ndani, juu yake vimepangwa vibamba vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Baadhi ya vibamba haviguswi kabisa, bali hutetema vyenyewe vile vingine vinapolia, na kuujaza wimbo mvumo wake wa pekee.

Kazi
Baada ya uhuru, Rais Julius Nyerere alimwalika Dar es Salaam, akaimba katika kikundi cha taifa cha ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981 (leo TaSUBa), alikuwa miongoni mwa walimu wake. Nje ya nchi alijulikana kwa albamu kama *Tanzania Yetu*, *Chibite* (1996) na *Assembly* (2002), aliyoirekodi na Michael Brook.

Urithi
Ukoo wake umeendeleza muziki huo Bagamoyo. Pendo na Leah Zawose, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya *Maisha* mwaka 2024.