Udongo wa Unyamwezi na Majina Yake

Tukisoma habari za misafara iliyopita Tabora katika karne ya 19, twakuta mengi juu ya pembe za ndovu na machache juu ya udongo uliowalisha wapagazi. Wanyamwezi, na jirani zao Wasukuma, waliugawa kwa majina. Luseni ni mchanga mwepesi wa miinuko, ambao mvua huuondolea rutuba upesi. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, uvimbao kwa maji na kupasuka wakati wa kiangazi, nao wafaa mpunga. Walipolima matuta walifukia majani yaoze, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbolea yao.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa Amani, aliueleza mfuatano huo wa udongo toka kilimani hata bondeni, akauita katena, yaani mnyororo.

Hata hivyo, wajumbe wa Uingereza wa mwaka 1946 waliikagua nchi kwa majuma tisa tu (haraka iliyoje!) kabla ya mpango wa karanga kuanza Kongwa na Urambo. Ukaachwa mwaka 1951. Baadaye Urambo ikageukia tumbaku, ambayo huvumilia mchanga, lakini ukaushaji wake hula misitu ya miombo.