Gozo: Kisiwa, Watu na Lugha Yao

Kusini mwa Sicily, kaskazini mwa pwani ya Libya, vimelala visiwa vya Malta. Kisiwa kikubwa ndicho kilichoipa nchi jina lake. Cha pili kwa ukubwa huitwa Gozo na wageni, na Għawdex na wenyeji; nacho ndicho tutakachokieleza katika kurasa hizi. Msomaji asitishwe na tahajia hiyo. Herufi x katika Kimalta ni sh yetu, nayo għ kwa kawaida haitamkwi, hata jina lote likasikika karibu na "Audesh". Herufi hiyo bubu ina historia yake, nasi tutairudia.

Gozo ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kilomita 14, upana wake kilomita 7, na eneo lake kilomita za mraba 67 tu. Kingeweza kuingia ndani ya Unguja zaidi ya mara 20. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo, pamoja na kisiwa jirani cha Comino chenye watu wachache mno, wakazi wapatao 39,000. Ni sehemu ya Jamhuri ya Malta, na tangu 1987 kina wizara yake katika serikali. Msafiri hupanda kivuko huko Malta, na baada ya muda usiotimia nusu saa huteremka katika bandari ya Mġarr. Ardhi ni ya mawe ya chokaa, na vilima vingi vimekatika vileleni vikawa bapa kama meza. Mto hakuna. Lakini chini ya tabaka la juu la mawe kuna udongo wa mfinyanzi unaozuia maji ya mvua yasizame, nayo hutokeza pembeni mwa vilima kama chemchemi. Ndiyo sababu Gozo ni ya kijani kuliko Malta, na kwa karne nyingi watu wake wamekuwa wakulima kwanza na wavuvi baadaye.

Jengo la kale kuliko yote kisiwani ni hekalu la Ġgantija, katika kijiji cha Xagħra. Ujenzi wake ulianza yapata miaka 3,600 kabla ya kuzaliwa Kristo, kwa hiyo ni la kale kuliko piramidi za Misri. Kuta zake, ambazo mahali pengine zinazidi mita 6 kwenda juu, zimejengwa kwa mawe makubwa na watu wasiokuwa na chombo chochote cha chuma. Jina lenyewe latokana na neno lenye maana ya jitu, kwa kuwa wenyeji wa zamani walisimulia kwamba mawe yale yalibebwa na mwanamke jitu. Mwaka 1980 hekalu hili liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Baada ya watu hao walikuja Wafoeniki, kisha Warumi walioitwaa Malta mwaka 218 kabla ya Kristo, na baadaye watawala wa Byzantium. Mwaka 870 visiwa vilitekwa na Waarabu waliotoka Afrika ya Kaskazini, na hapo ndipo mambo yanapoanza kumhusu mwalimu wa Kiswahili. Jeshi la Wanormani lilifika mwaka 1091, na mwaka 1127 watawala wao wa Sicily wakauimarisha utawala wao. Hata hivyo Waislamu waliendelea kuishi visiwani kwa zaidi ya miaka 100. Ushahidi ulio wazi kabisa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ndani ya ngome ya Gozo. Ni kibao cha marumaru cha kaburini, kilichochongwa kwa hati nzuri ya Kiarabu juu ya jiwe ambalo Warumi walikuwa wamekwisha kulitumia. Marehemu alikuwa msichana, binti Hassan, aliyefariki mwaka 569 wa Hijra, yaani 1174. Jina lake ni Maimuna. Jina hilo tunalijua: hakuna mji wa pwani yetu usio na akina Maimuna.

Katika karne ya 13 Uislamu uliondoka visiwani, baadhi ya watu wakifukuzwa na wengine wakibatizwa. Lugha haikuondoka. Wakulima waliosali Kikristo waliendelea kusema Kiarabu chao, wakikichanganya kidogo kidogo na maneno ya Sicily.

Kisha likaja pigo lililokaribia kukimaliza kisiwa. Mwaka 1530 Mfalme Karolo wa Tano aliwapa visiwa hivi askari-watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohane, adui wakubwa wa Dola ya Waturuki baharini. Julai 1551 jeshi la merikebu la Waturuki, likiongozwa na Sinan Pasha pamoja na nahodha mashuhuri Dragut, lilishuka Malta, likaona mji mkuu wa wakati huo ni mgumu, likageukia Gozo. Watu wote walikuwa wamekimbilia ngome iliyo juu ya kilima katikati ya kisiwa. Kuta zake zilikuwa za zamani, hazikujengwa kustahimili mizinga. Baada ya siku chache ngome ikasalimu amri. Watu wapatao 5,000, yaani karibu wakazi wote, wanaume, wanawake na watoto, walipakiwa merikebuni na kupelekwa utumwani. Wachache waliponyoka kwa kuteremka ukutani kwa kamba. Masimulizi ya wenyeji humtaja askari Bernardo de Opuo, ambaye yasemekana aliwaua mkewe na binti zake wawili kwa mkono wake ili wasitekwe, kisha akapigana mpaka akafa; kichochoro kimoja cha ngome hiyo kina jina lake hadi leo.

Sisi tunaoishi katika nchi ambazo misafara ya pembe na ya watumwa ilipita hatuhitaji kuelezwa maana ya kijiji kubaki kitupu. Lakini haki yataka isemwe pia kwamba askari-watawa nao waliteka watu. Merikebu zao zilipigwa makasia na watumwa, wengi wao Waislamu waliokamatwa baharini na katika pwani za Afrika ya Kaskazini, na waliuzwa na kununuliwa Malta mpaka Napoleon alipoukomesha utumwa huko mwaka 1798. Kila upande ulikuwa na mateka wake, na kila upande ulihesabu fidia.

Baadhi ya watu wa Gozo walikombolewa na jamaa zao wakarejea, miaka mingi baadaye. Wengine waliohamia walitoka hasa Malta, na wengine Sicily. Hofu haikuisha upesi: ngome ilijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 17, na mpaka mwaka 1637 sheria iliwataka wakazi walale ndani yake usiku. Chini ya kilima ulikua mji wa Rabat, ambao Waingereza waliubatiza Victoria mwaka 1887 kwa heshima ya malkia wao. Wenyeji wengi wameendelea kusema Rabat.

Hapa kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Kisiwa kilichopoteza karibu watu wake wote hakikupoteza majina ya mahali pake, kwa kuwa wahamiaji wa Malta walisema lugha ile ile, na waliokombolewa waliyakumbuka mashamba yao. Basi na tutembee kisiwani kwa msaada wa kamusi ya Kiswahili. Kijiji cha mashariki, juu ya kilima kinachotazama mlango wa bahari, ni Nadur, mahali pa kulinda na kutazama. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa sisi mandhari na nadharia. Kijiji cha upande wa pili wa kisiwa ni Għarb, nasi twasema magharibi. Ufuo wenye mchanga mwekundu ni Ramla l-Ħamra. Ramla ni mchanga, na mwanafunzi atashangaa kusikia kwamba ndiyo asili ya ramli yetu, maana wapiga ramli wa kale walichora alama zao mchangani. Kwenye pwani ya magharibi ni Dwejra, nyumba ndogo, jamaa ya Dar katika jina la Dar es Salaam. Karibu na ufuo huo jabali moja limesimama peke yake baharini, na wenyeji huliita Ġebla. Hilo halihitaji tafsiri. Askari-watawa waliliwekea walinzi, kwa sababu juu yake uliota mmea mwekundu ambao waliuamini kuwa dawa ya kuzuia damu. Hapo Dwejra palikuwa pia na tao kubwa la mwamba lililopigwa picha na wageni wengi kuliko kitu kingine chochote cha Gozo. Dhoruba ililiangusha baharini tarehe 8 Machi 1017 na miaka 1,000 juu yake, yaani 2017.

Ufanano huu waweza kumpotosha mtu. Wapo wanafunzi, na wapo watu wazima wenye elimu, wanaosema kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Kuwajibu kwa hasira hakufai. Afadhali kuwaonyesha lugha ambayo kweli ni tawi la Kiarabu lililochanganywa na lugha nyingine, kisha waamue wenyewe. Kitabu kwa Kimalta ni ktieb, na vitabu ni kotba. Konsonanti tatu zimebaki mahali pake, na wingi umepatikana kwa kubadili irabu zilizo ndani. Sisi tulilipokea neno hilo hilo, tukaisikia ki- ya mwanzo kana kwamba ni kiambishi cha ngeli yetu, tukasema vitabu. Muarabu hakutufundisha hilo. Vivyo hivyo cheo chetu wenyewe: mwalimu amekuwa walimu, kama mkulima na wakulima. Huko Gozo mwalimu ni għalliem, kutoka mzizi huo huo, lakini hana habari na wa- yetu.

Tazama pia kitendo. Katika Kimalta kiteb ni aliandika, jikteb anaandika, kittieb mwandishi, kitba maandishi. Mzizi mmoja umezaa jamii nzima. Sisi tuliazima kitabu, katibu na maktaba kama vyombo vilivyokwisha kutengenezwa, lakini tendo lenyewe tumeendelea kuliita kuandika, neno letu la Kibantu. Na Wamalta nao huwafanyia wageni wao kama sisi tunavyowafanyia wetu. Uma wa mezani waliuchukua kutoka Sicily, furketta, kisha wakauvunja kwa kanuni ya Kiarabu: nyuma zikawa frieket. Kila lugha humvika mgeni nguo za nyumbani. Kwa maoni yangu mfano huu watosha kipindi kizima darasani, na ubao mmoja.

Dini nayo imeacha mambo ya kustaajabisha. Watu wa Gozo ni Wakatoliki kwa karne nyingi. Kanisa kuu lao, lililojengwa ndani ya ngome kati ya 1697 na 1711 kwa ramani ya Lorenzo Gafà, halikupata kuba, ndipo mchoraji wa Messina akachora kuba ya uongo juu ya dari mwaka 1739, na atazamaye kutoka chini hudanganyika. Katika makanisa hayo Mungu huitwa Alla, na Kwaresima huitwa Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Hakuna anayeona ajabu.

Lugha hii ya shambani na nyumbani ilikawia sana kupewa heshima. Mahakama na watu wa elimu walitumia Kiitaliano, na Waingereza, waliotawala tangu 1800, waliongeza Kiingereza. Mikiel Anton Vassalli, aliyekwisha kutoa sarufi na kamusi ya Kimalta katika karne ya 18, alifanywa profesa wa kwanza wa lugha hiyo mwaka 1825. Chama cha waandishi kilichoundwa 1920 kilitoa kanuni za tahajia mwaka 1924, na mwaka 1934 serikali ikazikubali na kukifanya Kimalta lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Msomaji atakumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo, 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Malta ilipata uhuru mwaka 1964, na tangu 2004 Kimalta ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya.

Waandishi wale wa 1924 ndio walioibakiza għ, ingawa sauti zake za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kufifia vinywani, kwa kuwa bila herufi hiyo mizizi mingi isingetambulika. Sisi tulifanya kinyume: tukaandika tunavyotamka. Mtoto wa Gozo asomapo kwa sauti tarakimu 7, sebgħa, sikio letu husikia neno lililo karibu sana na saba. Tofauti imo daftarini, ambamo yeye hukatwa alama akiisahau għ.