Jinsi ya kusafiri na kompyuta mpakato kwenye begi lililojaa bila kuvunja kioo chake

Vyuo vinapofunguliwa, stendi za mabasi hujaa vijana wenye begi kubwa mgongoni. Ndani mna nguo, viatu, madaftari, chupa ya maji, karanga kutoka nyumbani, na katikati ya vyote hivyo kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu tunaiita laptopu. Mara nyingi ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vingine vyote ndani ya begi. Kuna familia zilizouza mahindi ya msimu mzima ili kuinunua. Na ndani yake kuna kazi ya miezi mingi: ripoti ya utafiti ya mwanafunzi, alama za wanafunzi wa mwalimu, au hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa.

Watu wengi huogopa kuidondosha au kuibiwa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini kompyuta nyembamba inaweza kuharibika bila kuanguka hata mara moja, kwa kubanwa tu. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na namna ya kupanga begi ili ifike salama.

Kwa nini nyembamba huumia haraka

Kompyuta nyingi za siku hizi, zikiwa zimefungwa, zina unene usiofika sentimita 2. Mfuniko wenyewe una milimita chache tu. Ndani ya mfuniko huo mna kioo cha kuonyeshea, ambacho kwa kawaida huundwa kwa vipande viwili vya kioo, kila kimoja kikiwa na unene usiofika milimita 1.

Mfuniko ukisukumwa kutoka nje, hupinda kidogo na kioo hugusana na kibodi. Kitu laini kilichosambaa, kama sweta, hakina madhara makubwa. Hatari iko kwenye kitu kigumu kinachosukuma sehemu moja: pini za chaja, kisigino cha kiatu, kopo la mafuta au kufuli. Nguvu yote ikikusanyika sehemu ndogo kama ncha ya kidole, kioo hupasuka.

Hata kitu kidogo kilichosahaulika juu ya kibodi ni hatari. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwaonya watumiaji wa kompyuta zake za MacBook wasifunge mfuniko ikiwa wamebandika kizibo juu ya kamera, kwa sababu nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno. Kama kizibo kidogo hivyo kinaweza kupasua kioo, kalamu au waya wa spika za masikioni ni hatari zaidi.

Kabla ya kupakia

Zima kompyuta kabisa. Usiishie kufunga mfuniko. Kompyuta iliyolala tu inaweza kuamka ndani ya begi, ikapata joto kali kwa kukosa hewa na kumaliza chaji. Zile za zamani zenye diski inayozunguka zina hatari nyingine: mtikisiko wa barabara mbovu unaweza kuharibu diski ikiwa bado inafanya kazi.

Chomoa kila kitu. Flashi au waya uliobaki kwenye tundu ukigongwa, unaweza kung'oa tundu lenyewe.

Nakili kazi zako. Weka nakala kwenye flashi na uiweke mfukoni, mbali na begi. Kama huna flashi, unganisha simu na kompyuta kwa waya wa kuchajia, uhamishie mafaili muhimu kwenye simu. Ukiwa na bando, jitumie kwa barua pepe.

Kagua betri. Ikiwa mfuniko haufungi sawasawa au kibodi imeinuka katikati, huenda betri imevimba. Usiichaji, usiitoboe, na usisafiri nayo ndani ya begi lililoshindiliwa. Betri za aina hiyo zikibonyezwa zinaweza kushika moto. Ipeleke kwa fundi kwanza.

Namna ya kupanga begi

Kompyuta ikae upande wa mgongoni kwako, ikiwa imesimama. Mfuniko uelekee mgongo wako, na upande wa chini wa kompyuta, ambao ni imara zaidi, uelekee mizigo.

Ivishe kava lake laini. Kama huna, ifunge kwa sweta au taulo, au kwa kanga iliyokunjwa mara kadhaa.

Chunguza mfuko wa kompyuta ulio ndani ya begi. Katika mabegi mengi mfuko huo hufika hadi chini kabisa, kwa hiyo kila unapoweka begi sakafuni, pembe za kompyuta hugonga ardhi. Tanguliza nguo iliyokunjwa chini yake.

Vitu vizito viende chini, upande wa nje. Chaja, viatu na makopo vikae mbali na kompyuta, na kati yake ujaze nguo. Chupa ya maji iwekwe mfuko wa pembeni nje ya begi, kamwe isikae pamoja na kompyuta.

Ukimaliza, fanya jaribio la kiganja. Ingiza kiganja kati ya kompyuta na mizigo. Kama hakipiti kwa urahisi, begi limeshindiliwa mno. Toa kitu kimoja au viwili, uvibebe kwenye mfuko mwingine.

Mvua nayo ina njia yake. Mabegi mengi hupitisha maji kwenye zipu. Ule mfuko wa plastiki wenye zipu unaokuja na blanketi jipya unafaa kuifungia kompyuta kabla ya kuiingiza kwenye begi.

Ukiwa njiani

Kwenye bodaboda, vaa begi kwa mikanda yote miwili na uikaze. Usikubali liwekwe juu ya tangi mbele ya dereva, kwa sababu usukani ukikatwa kona unaweza kulibana.

Kwenye daladala, vua begi ulipakate. Ukiegemea kiti begi likiwa mgongoni, uzito wako wote unaibana kompyuta.

Kwenye basi, usiliweke kwenye buti. Kule mizigo hupangwa juu ya mizigo, na gunia moja la mchele linatosha kuivunja. Kondakta akisisitiza kwamba begi ni kubwa mno, toa kompyuta ubaki nayo. Kwenye keria ya juu pia kuna hatari, kwani abiria wengine husukumiza mizigo yao. Mapajani ndipo mahali salama zaidi. Katika safari ya zaidi ya kilomita 800, kama ya Mbeya hadi Dar es Salaam, utachoka kuipakata, lakini hakuna mtu atakayerundika mzigo juu yake.

Kioo kikipasuka

Ukifungua na kuona doa jeusi kama wino uliomwagika, au mistari ya rangi, huenda kioo kimepasuka. Usikibonyeze. Kazi zako hazihifadhiwi kwenye kioo, kwa hiyo huenda zote bado zipo. Kama kompyuta ina tundu la HDMI, iunganishe na televisheni kwa waya wake, utaona kila kitu kule na utaweza kunakili mafaili kabla ya kwenda kwa fundi. Muulize fundi bei ya kioo kabla hajafungua chochote, kisha ulinganishe kwa mafundi wawili au watatu.

Ya kukumbuka

Zima kabisa. Nakala ya kazi ikae mfukoni. Kompyuta ikae upande wa mgongoni, nguo laini ziizunguke, na chaja iwe mbali nayo. Kiganja kipite. Ukiwa ndani ya gari, begi lipakatwe.