Mtoto wa paka anamaliza shule lini? Historia fupi kutoka stoo ya mahindi Tunduma

Mwezi wa saba, magunia ya mahindi yakishapangwa stoo, kuna kitu kinatafutwa sana mtaani kwetu Tunduma: paka. Panya wanaijua kalenda ya mavuno kuliko sisi. Mwaka juzi mama yangu mdogo, anayeuza mahindi si mbali na mpaka wa Zambia, aliomba mtoto wa paka kwa jirani. Akaletewa kwenye boksi la sabuni, ana wiki tano hivi.

"Mama mdogo, huyu si bado ananyonya?" nikamuuliza.

"Mwanangu, huyu anakula ugali na dagaa. Akishakula, ameshakua."

Paka yule alijificha nyuma ya magunia siku nne. Ukimshika, anakukwaruza. Na panya? Walipita mbele yake, yeye akawaangalia tu. Mama mdogo akasema tumeletewa paka mvivu. Mimi nikaanza kusoma, nikakuta swali letu lina historia ndefu maabara na hata porini: mtoto wa paka yuko tayari lini kumwacha mama yake?

Tuanze na stoo yenyewe, maana ndiyo iliyomleta paka kwetu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Kati, kule ambako watu walianza zamani sana kulima ngano na shayiri. Nafaka ikavuta panya, panya wakavuta paka. Kisiwani Saiprasi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa karibu na mtu, miaka kama 9,500 iliyopita. Kwa hiyo mama mdogo hakuzua jambo jipya. Ila wengi wetu tunadhani paka anazaliwa fundi, kwamba ukimwonesha panya tu, basi, kazi imeisha.

Aliyelitikisa wazo hilo ni mwanasaikolojia wa Kichina, Zing-Yang Kuo. Mwaka 1930 alichapisha jaribio alilolifanya kwa makundi matatu ya watoto wa paka. Kundi la kwanza lilikuwa na paka 21, waliokua wakiona panya wakiuawa mbele yao: 18 wakawa wauaji wa panya. La pili lilikuwa na 20, waliolelewa peke yao: 9 tu ndio walioua. La tatu lilikuwa na 18, waliokua chumba kimoja na panya tangu wadogo: 3 tu waliua, na hakuna hata mmoja aliyemuua panya aliyekua naye.

Kuo alikuwa na ugomvi wake na wanasayansi waliosema kila kitu ni silika. Alivuta kamba sana upande wake, maana wale 9 walioua bila mwalimu wanatuonesha kuwa kuna kitu paka anazaliwa nacho. Lakini tofauti kati ya 18 kwa 21 na 9 kwa 20 si ndogo. Kama una gunia mia stoo, utataka paka wa kundi lipi?

Je, mwalimu lazima awe mama? Mwaka 1969, katika jarida la Science, Mmarekani Phyllis Chesler alieleza jinsi alivyowafundisha watoto wa paka kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Waliomtazama mama yao akibonyeza walijifunza haraka. Waliomtazama paka mgeni walichelewa. Walioachwa wabahatishe wenyewe hawakujua kabisa. Mtoto wa paka anamwangalia mama yake kwa jicho ambalo mgeni halipati.

Sehemu nyingine ya hadithi hii inatokea hapa hapa Tanzania. Mtafiti Tim Caro alianza kwa kuchunguza jinsi paka wa nyumbani wanavyojifunza kuwinda, halafu miaka ya 1980 akawa Serengeti na duma. Mama duma humkamata mtoto wa swala, hamuui, anamwachia mbele ya watoto wake wajaribu wenyewe. Akikimbia, mama anamrudisha. Watoto wa duma hukaa na mama yao karibu mwaka mmoja na nusu. Paka wetu wa jikoni hufanya hivyo hivyo kwa udogo: watoto wakifika wiki nne hivi, anawaletea panya aliyekufa, baadaye aliye hai. Mwaka 1992 Caro na mwenzake Marc Hauser walichapisha makala ya kuuliza kama wanyama hufundisha kweli, na paka na duma walikuwemo katika mifano yao.

Sasa fanya hesabu. Darasa linaanza wiki ya nne. Sisi tunamchukua mtoto wiki ya tano.

Tuwe wakweli, kuna saa ya pili inayokimbia. Miaka ya 1980 Eileen Karsh, wa Chuo Kikuu cha Temple kule Marekani, alionesha kwamba paka walioanza kushikwa na watu wakiwa na wiki tatu walizoea watu kuliko walioanza wiki ya saba. Wengine wakilisikia hilo wanasema: si ndiyo sababu ya kumchukua mapema? Hapana. Mtoto anaweza kushikwa kila siku huku bado yuko kwa mama yake.

Mwaka 2017 watafiti wa Helsinki, Finland, walichambua majibu ya wenye paka kuhusu paka zaidi ya 5,000. Walioachishwa ziwa kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi. Waliokaa na mama hadi wiki 14 au zaidi walikuwa watulivu zaidi kwa wageni. Ni paka wa kufugwa ndani, na ni majibu ya dodoso, kwa hiyo tusiyabebe kama sheria ya mlango wa stoo. Ila yanaelekea kule kule alikoelekea Kuo.

Kwa hiyo kula ugali ni dalili kwamba meno yameota tu. Shule bado. Hesabu rahisi ni miezi mitatu: aliyezaliwa mwanzoni mwa mwezi wa nne aondoke mwanzoni mwa mwezi wa saba, mahindi yanapoingia stoo. Mbebe kila siku akiwa kwao, na umlishe mama yake.

Yule wa kwetu hakuwa mvivu, alikatishwa masomo. Baadaye alijifunza kidogo kidogo, ila mgeni akiingia hadi leo anakimbilia nyuma ya magunia. Mwaka jana mama mdogo aliweka oda kwa jirani mapema, akamwacha mtoto kwa mama yake. Siku moja tulikwenda kumtazama, tukamkuta mama paka ameleta panya anayepumua bado, watoto wanne wamemzunguka. Mama mdogo akaokota fagio amfukuze.

"Mwache, mama mdogo," nikamwambia. "Wako darasani."