Ushauri wa Siri wa Mwaka 1539

Sisi Walutheri hupenda kumkumbuka Martin Luther akiwa Worms mwaka 1521, amesimama mbele ya Kaisari bila kutetereka. Habari za Desemba 1539 hatuzisimulii sana katika Sikukuu ya Matengenezo. Tulipozisoma chuoni, darasa zima lilinyamaza.

Miaka ile walikuwepo waliougeuza uhuru wa Injili kuwa ruhusa. Johann Agricola, rafiki wa Luther wa siku nyingi, alifundisha kwamba mahali pa Amri Kumi ni barazani kwa watawala, si mimbarani. Kuanzia 1537 Luther alimpinga vikali katika mijadala ya hadhara kule Wittenberg. Kwake, asiyeoneshwa dhambi yake hawezi kuona haja ya Mwokozi. Tunaamini alisema kweli, na vijana wetu wa kipaimara tunawafundisha hivyo hivyo.

Mjadala huo ukiwa haujaisha, mtu mkubwa akabisha hodi. Philip, mtawala wa Hesse, alikuwa ngao ya Waprotestanti kwa silaha zake. Alimwoa Christine wa Saxony mwaka 1523, wala hakuwa mwaminifu kwake. Dhamiri ilimsumbua hata akawa haendi kwenye Meza ya Bwana. Sasa alimtaka msichana aitwaye Margarethe von der Saale, ambaye mama yake hakukubali mwanawe awe hawara. Basi Philip akamtuma Martin Bucer kwenda Wittenberg na hoja zake: Abrahamu na Yakobo hawakuwa na wake zaidi ya mmoja? Tena alidokeza kwamba akinyimwa idhini angeweza kumgeukia Kaisari.

Tarehe 10 Desemba 1539 Luther na Melanchthon walitia sahihi ushauri wao. Hawakuwa wamelisahau Neno. Walieleza waziwazi kwamba tangu uumbaji ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, wakamwonya asiifanye jambo lake kuwa sheria kwa watu wote. Kisha wakamfungulia mlango yeye peke yake, kwa udhaifu wake, mradi iwe siri kama siri ya maungamo. Christine naye aliandika kwamba anakubali. Mke wa mtawala angekataa kwa njia gani?

Harusi ilifungwa tarehe 4 Machi 1540, Melanchthon akiwepo. Baada ya miezi michache siri ilikuwa imevuja, na kwa sheria ya dola kosa hilo adhabu yake ilikuwa kifo. Melanchthon aliugua huko Weimar hadi ukingoni mwa kaburi kwa uchungu wa moyo. Luther alifika akamwombea. Lakini kuhusu ndoa yenyewe alishauri Philip akane kabisa, kwa faida ya Kanisa. Ndiye aliyetufafanulia amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya 1529! Ajabu ni kwamba Philip, mzinzi, ndiye aliyekataa kusema uongo. Mwaka 1541 alilazimika kupatana na Kaisari, na muungano wa Waprotestanti ukadhoofika.

Tunapolalamika kwamba siku hizi kila kitu kimekuwa ruksa, tunawatazama vijana, simu zao na miziki yao. Ruhusa ya 1539 ilitolewa na walimu wa Kanisa, watu wazima, Biblia ikiwa wazi mezani. Swali lilikuwa limeshabadilika: halikuwa tena kama jambo ni haki, bali kama litajulikana.

Nasi wachungaji kikao hicho tunakifahamu. Anakuja jioni mtu ambaye mchango wake umeezeka kanisa. Anafunga mlango, anasema, "Mchungaji, hili libaki hapa hapa." Hatumwambii kwamba ametenda vema. Tunasoma naye mistari, tunaomba, tunamsindikiza hadi kwenye gari, na Jumapili anashiriki Meza ya Bwana kama kawaida.

Jumapili hiyo hiyo kuna wanaosimamishwa mbele ya usharika ili kurudi kundini. Aghalabu ni wasichana, na mtoto yuko mgongoni.