Vumbi Lina Historia

Kila Agosti, bibi yangu pale Bariadi hufunika mtungi wa maji kwa kitambaa, kisha huweka sahani juu yake. Asubuhi sahani inaandikika kwa kidole. Usiku anapokohoa, jirani humsikia, na kesho yake humpa pole: "Ni vumbi tu, mama. Msimu utapita." Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Mwaka jana nilikaa naye kiangazi kizima, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: msimu huu ulianza lini?

Sehemu yake ni kazi ya anga. Mvua hukatika mwezi Mei na kurudi Oktoba au Novemba. Katikati hapo mito hubaki mchanga, mbuga nyeusi hupasuka, na kisulisuli hutembea mashambani mchana kweupe. Lakini upepo hubeba unachokikuta. Zamani ulikuta miti.

Miti hiyo ilikuwa na mbung'o. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza, ikiongozwa katika kazi hiyo na Charles Swynnerton, aliyefanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o, ilianza kufyeka vichaka vya Usukuma. Watu waliitwa kupitia watemi wao, wakaja na mashoka. Sitaki kuwacheka: nagana iliua ng'ombe na malale yaliua watu. Mbung'o alirudi nyuma, na watu na mifugo wakasogea kwenye ardhi mpya.

Nyuma ya shoka ikaja pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili zao hilo lilipanuka kwa kasi, na hadi leo Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 hasa kutoka Shinyanga, ni moyo wa pamba ya Tanzania. Karo yangu ya sekondari ilitoka humo. Lakini shamba la pamba likishavunwa huachwa wazi wakati ule ule upepo unapopata nguvu.

Kisha kuna moto. Taratibu za kilimo zinamtaka mkulima ang'oe masalia ya pamba na kuyachoma kabla ya katikati ya Septemba, ili funza waliojificha kwenye vitumba wasivuke hadi msimu ujao. Ni ushauri wenye akili. Ndiyo maana jioni za Septemba bonde letu lina ukungu usio na unyevu.

Bibi, hata hivyo, hachomi yote shambani. Anafunga mizigo ya vijiti vya pamba na kuvileta nyumbani, kwa sababu kuni ziko mbali na mkaa ni ghali. Nilimwambia jiko lile linamuumiza kifua. Akacheka. "Mjukuu wangu, ule moto wa shambani haupiki ugali."

Nilikosa jibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka chembe ndogo kabisa hewani zisizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Jikoni kwa bibi hakuna kipimo. Kuna ukuta mweusi, na kuna yeye, anayepika vijiti vya pamba kwa kuwa mti uliokatwa kabla hajazaliwa haukurudi.

Au haukurudi pale kwetu. Wasukuma walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Ngitili nyingi zilikufa watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 1970. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika Shinyanga, wakati huo ikiwa na Bariadi ndani yake, akashtushwa na ukame aliouona. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Uliotesha miche, lakini mafanikio yake makubwa yalitokana na kurudisha ngitili: kuacha visiki vilivyokuwa hai ardhini vichipue tena. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalifunikwa upya.

Kwa hiyo ninapoambiwa "ni msimu tu," siwezi tena kuitikia. Jua na upepo ni vya msimu. Uwazi wa ardhi ni kazi ya mikono, na mikono iliwahi kuurekebisha.

Kabla sijaondoka, nilimwomba bibi tufunge pembe ya shamba iliyo karibu na korongo, robo ekari hivi, ng'ombe wasiingie. Alinitazama kwa muda mrefu, akihesabu mashina mangapi ya pamba atayapoteza.

"Na mwaka huu nitapikia nini?" akauliza.

Nilimnunulia gunia la mkaa. Najua ulitokana na miti ya mahali pengine.